Ripoti ya jeni inasema "mvunjaji wa kawaida", amitriptilini mg 75 imemlaza mgonjwa. Kosa liko wapi?

#1 Kifuko_cha_Dawa
Wakuu, heshima kwenu. Naleta kesi tuichambue, nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika.

Mwanamke, miaka 58, kilo 54. Sonona, pamoja na miguu kuwaka moto usiku. Alianzishiwa amitriptilini mg 25 usiku kwa siku 7, ikapanda mg 50 kwa siku 7, kisha mg 75. Siku ya 9 ya mg 75: mdomo umekauka hadi tonge halishuki, mkojo umegoma, usiku anaongea na watu wasiokuwepo, mapigo 112 kwa dakika, QTc (muda wa umeme wa moyo kwenye ECG) milisekunde 478.

Ndugu walishalipia kipimo cha jeni kilichotumwa nje ya nchi. Majibu, kwa jeni za vimeng'enya viwili vya ini vinavyovunja dawa (nyota na namba ni jina la aleli, yaani toleo la jeni): CYP2D6 *1/*1, mvunjaji wa kawaida. CYP2C19 *1/*2, mvunjaji wa kati. Chini wameandika "anza kwa dozi ya kawaida".

Watu wanafika mg 150 na wanaenda kazini. Huyu 75 imemshindaje kama ini lake liko sawa?

#2 Sikio_la_Kufa
Nimevuta kigoda. Ngoja waje wenye mambo yao.

#3 Tabibu_Kando
Jeni zitasubiri. Amitriptilini imesitishwa? ECG irudiwe na mtazame QRS pia (muda wa umeme kusambaa kwenye vyumba vya chini vya moyo), msiishie kwenye QTc. QRS ikivuka milisekunde 100 hilo ni jambo jingine kabisa, hasa kama kuna uwezekano kameza vidonge zaidi ya alivyoandikiwa. Pimeni potasiamu na magnesiamu. Kibofu kikiwa kimejaa wekeni katheta, msingoje dawa ishuke yenyewe.

Halafu msimtulize kwa haloperidoli wala promethazini. Ya kwanza inarefusha QT na inapita mlango ule ule wa CYP2D6, ya pili inaongeza ukavu na kuchanganyikiwa kule kule mnakotaka kumtoa. Akihangaika sana, dozi ndogo ya diazepamu inatosha.

Baada ya hapo ndiyo uniambie: miezi miwili iliyopita alimeza nini kingine? Na za duka la dawa uzihesabu.

#4 BintiMaabara
Mtoa mada, geuza ripoti ukurasa wa nyuma. Kuna maandishi madogo yanayoorodhesha aleli zilizopimwa. Yaweke hapa kama yalivyo.

#5 Kifuko_cha_Dawa
@Tabibu_Kando imesitishwa, katheta imewekwa, QRS ni 92. Kuhusu dawa nyingine ndugu wanaleta mfuko wake wote kesho.

@BintiMaabara imeandikwa: CYP2D6 *3, *4, *5, *6, *10, *41 na idadi ya nakala. CYP2C19 *2, *3, *17.

#6 BintiMaabara
Basi nusu ya jibu ndiyo hiyo. Hiyo orodha ilitengenezwa kwa ajili ya Mzungu na Mchina. *4 ndiyo inayoharibu CYP2D6 kwa wingi Ulaya, *10 ndiyo ya Asia Mashariki. Zetu ziko wapi? *17 ilielezwa 1996 kwa sampuli za Wazimbabwe, na Collen Masimirembwa na wenzake wa chuo cha Karolinska, Uswidi. *29 ilichunguzwa kwa Watanzania, ikachapishwa 2001. Zote mbili hupunguza kazi ya kimeng'enya, na zote mbili hazimo kwenye hiyo karatasi.

Watu wengi hawajui maana ya *1. Wanadhani maabara imeiona *1 kwa macho. Hakuna anayepima *1. Mashine inatafuta mabadiliko iliyoambiwa itafute, isipoyakuta inaandika *1. Ni kama mlinzi wa geti mwenye orodha ya majina sita ya wezi, asiyekuwemo anapigiwa saluti.

Kwa undani kidogo: *17 inatambulika kwa badiliko rs28371706, na inabeba pia rs16947 ambalo ni la *2. Maabara inayopima rs16947 peke yake itamwita mwenye *17 kuwa ni *2, yaani wa kawaida. Isiyopima yoyote kati ya hayo itamwita *1. *29 nayo ina rs16947 pamoja na mengine mawili, rs61736512 na rs59421388. Kwa hiyo *1/*1 ya huyu mama inaweza kuwa *1/*1 kweli, au *1/*17, au *17/*29. Karatasi haiwezi kutofautisha.

Tangu 2021 chama cha wataalamu wa vipimo vya molekuli cha Marekani kimeweka *17 na *29 kwenye orodha ya chini kabisa inayopendekezwa ya CYP2D6. Maabara isiyokuwa nazo leo haina kisingizio.

#7 Mkilifi
Nakubali kuhusu paneli, lakini umegeuza kitu. *17 si ndiyo ya kasi? Mwenye *17 angevunja dawa haraka, dozi ikose nguvu. Huyu amezidiwa.

#8 PembaMoja
Mkilifi kaka yangu, umepanda jahazi la wenyewe. Nyota 17 ziko mbili, jeni mbili, kazi kinyume. CYP2C19*17 ndiyo ya kasi, ilitangazwa 2006 kwa Waswidi na Wahabeshi, takriban asilimia 18 ya aleli kwa wote wawili. CYP2D6*17 ni ya polepole, ya kwetu. Moja iko kromosomu ya 10, nyingine ya 22. Hawajuani hata kwa salamu.

Kosa hili liko hadi kwenye faili za wagonjwa. Mtu anaandika "*17 imeonekana" bila jina la jeni, anayefuata anapandisha dozi badala ya kushusha.

#9 Sikio_la_Kufa
Mkilifi shuka pole pole, maji ni mengi 😂

#10 Mkilifi
Nimeshuka, nimelowa. Asante Pemba. Basi akiwa na CYP2D6 *1/*17 tumwite mvunjaji wa kati.

#11 BintiMaabara
Hapana tena, samahani. Kila aleli ina alama. *1 na *2 zina 1. *17 na *29 zina 0.5. *10 ina 0.25. *3, *4, *5, *6 zina 0. Jumlisha mbili. Sifuri ni mvunjaji dhaifu, juu ya 0 lakini chini ya 1.25 ni wa kati, 1.25 hadi 2.25 ni kawaida, zaidi ya hapo ni wa kasi mno. *1/*17 ni 1.5, kawaida. *17/*17 au *17/*29 ni 1.0, hapo ndiyo wa kati.

Kwa wa kati mwongozo wa CPIC (jopo la kimataifa la dawa na jeni) wa amitriptilini unashauri kupunguza dozi ya kuanzia kwa asilimia 25. Kwa dhaifu kabisa, iepukwe, na ikibidi, nusu. Na hapo wanazungumzia dozi za sonona. Mg 10 au 25 za maumivu ya neva haziguswi.

Ila alama hizo zinaficha jambo. *17 imebadilisha umbo la mahali dawa inapokaa kwenye kimeng'enya, kwa hiyo haipungui kwa kiasi kimoja kwa kila dawa. Kazi iliyochapishwa 2002, kwa Watanzania, ilionyesha *17 hiyo hiyo ikitofautiana kati ya debrisokwini, dekstromethofani, kodeini na metoprololi. Ukimwekea 0.5 kwa amitriptilini, umekadiria.

#12 Mzee_wa_Dozi
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Binti umefundisha vizuri, lakini tunabishana juu ya jeni ambayo hatuna uhakika anayo, na hatujauliza alichokuwa anameza. Mgonjwa wa sonona hapa kwetu hafiki kwenye amitriptilini akiwa mweupe. Kabla yake alipewa nini?

#13 Kifuko_cha_Dawa
Mfuko umefika. Naorodhesha:

Fluoksetini mg 20 kila asubuhi wiki 7, ikaachwa kwa sababu hakupata nafuu. Amitriptilini ilianza siku 10 baada ya kuacha.
Omeprazoli mg 20 mara mbili kwa siku, ya duka la dawa, anameza tangu mwaka jana.
Chupa ya dawa ya kikohozi, imebaki robo. Kibandiko kinaonyesha difenhidramini.
Piritoni karatasi moja, imetumika nusu.

#14 Sikio_la_Kufa
Huo mfuko au bohari?

#15 Mzee_wa_Dozi
Nilijua. Sasa tupige hesabu.

Fluoksetini inafunga CYP2D6 kwa nguvu, na kitu inachogeuka kuwa, norifluoksetini, kinafunga vile vile na kinakaa zaidi. Nusu-uhai wake, yaani muda wa kupungua nusu mwilini, ni siku 4 hadi 16, wastani kama 9. Mgonjwa ameacha fluoksetini, zikapita siku 10, kisha 7 za mg 25, 7 za mg 50, 9 za mg 75. Jumla siku 33.

Nusu-uhai ukiwa siku 9, zimepita nusu-uhai 3.7, imebaki kama asilimia 8. Ukiwa siku 16, zimepita mbili tu, imebaki karibu robo. Ukiwa siku 4, hakuna kitu. Mwanamke wa miaka 58 mwenye kilo 54 namweka upande wa polepole.

CPIC wenyewe wanasema: mgonjwa akiwa kwenye dawa inayofunga CYP2D6 kwa nguvu, alama yake izidishwe kwa sifuri. Kizuizi cha wastani, kwa 0.5. Kwa hiyo hata awe *1/*1 halisi wa dhahabu, kwa wiki kadhaa aliishi kama dhaifu. Jeni nzima, kimeng'enya kimefungwa. Tena difenhidramini ya kikohozi nayo inafunga CYP2D6, si kwa nguvu ya fluoksetini lakini inatosha kuchelewesha mlango kufunguka. Paneli ya Binti ingekuwa na aleli mia moja isingeliona hili.

#16 Ngosha_Data
Mzee, hesabu ni nzuri ila inakupinga. Kama kizuizi ndicho kisa, kilikuwa na nguvu zaidi wiki ya kwanza, si ya nne. Wiki ya kwanza alikuwa salama. Kizuizi kinashuka, sumu inapanda. Mistari inakwenda kinyume.

#17 Mzee_wa_Dozi
Umesahau dozi nayo ilikuwa inapanda, 25, 50, 75. Na dawa haifiki kilele siku unayoiongeza. Inahitaji kama nusu-uhai 5. Kwa mtu wa kawaida nortriptilini ni siku 5 hadi 9 hivi, lakini mwenye CYP2D6 iliyofungwa nusu-uhai unarefuka, kilele kinasogea mbele. Siku ya 9 ya mg 75 inawezekana bado alikuwa anapanda ngazi.

#18 Ngosha_Data
Na hiyo "inawezekana" ndiyo inayonikera kwenye uzi huu mzima. Kila maelezo yanawezekana.

#19 PembaMoja
Mbona omeprazoli mmeiruka? Hebu tuitazame njia yenyewe. Amitriptilini ikifika kwenye ini, CYP2C19 inakata methili moja, inakuwa nortriptilini. Kisha CYP2D6 inazibandika hidroksili zote mbili, amitriptilini na nortriptilini, ziweze kutoka na mkojo. Ni sinki mbili, ya juu inamwaga kwenye ya chini, na mfereji mkubwa wa kutokea uko chini.

Sasa huyu ana CYP2C19 *1/*2, nusu ya uwezo tangu kuzaliwa. Juu yake omeprazoli mg 40 kwa siku kwa mwaka mzima, ambayo inafunga CYP2C19 hiyo hiyo. Na fluoksetini haifungi CYP2D6 tu, inafunga na CYP2C19. Sinki ya juu imeziba, amitriptilini inajaa, na amitriptilini ndiyo kali zaidi kwa ukavu wa mdomo, mkojo na kuchanganyikiwa. Nortriptilini ni mpole kidogo upande huo.

Tangazo la 2012 la FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kuhusu sitalopramu, dawa nyingine ya sonona, lilisema hivyo hivyo: wasizidi mg 20 kwa siku walio dhaifu wa CYP2C19, wenye zaidi ya miaka 60, na wanaotumia simetidini au dawa nyingine inayofunga CYP2C19. Kwa nini hapa duka la dawa linauza omeprazoli kama peremende na hakuna anayemuuliza mteja kama ana dawa ya sonona?

#20 Tabibu_Kando
Kwa sababu mteja hasemi ana dawa ya sonona. Anasema "za usingizi".

#21 Mkilifi
Hapa Pwani mnaongeza miraa. Kuna utafiti wa Ethiopia ulioonyesha kutafuna miraa kunapunguza kazi ya CYP2D6. Mwenye amitriptilini anatafuna jioni, anameza kidonge usiku, asubuhi analaumu kidonge.

#22 Mzee_wa_Dozi
Ongeza dawa ya mseto ya malaria, lumefantrini ndani yake inafunga CYP2D6, na maelezo ya kwenye boksi yanataja imipramini, amitriptilini na klomipramini kwa majina. Ongeza tebinafini ya fangasi ya kucha, hiyo ni kizuizi kikali na wiki kadhaa baada ya kuacha bado imo. Na wa kifua kikuu wageuze yote: rifampisini inaharakisha CYP2C19, CYP2B6 na CYP3A4, sertralini ya sonona inashuka, mtu anaonekana "dawa haimsaidii".

#23 Minnesota_Baridi
Wakuu, huku Marekani wanauza ripoti zenye safu tatu, kijani, njano, nyekundu, kama taa za barabarani. Mgonjwa anaingia nayo kliniki ameshika mkononi, anataka dawa ya kijani. Kanuni ya kuchanganya jeni nyingi kupata rangi moja ni siri ya kampuni.

Ushahidi wake? Jaribio la GUIDED, 2019, wagonjwa wa sonona 1,167. Kipimo kikuu kilikuwa nafuu ya dalili wiki ya 8: asilimia 27.2 kwa walioongozwa na ripoti, 24.4 kwa wasioongozwa. Kitakwimu haikufikia. Waliopona kabisa walikuwa 15.3 kwa 10.1, na hapo ndipo matangazo yalipokaa. PRIME Care, 2022, maveterani 1,944, ilileta faida ndogo katikati, wiki ya 24 tofauti ikapotea. FDA walishatoa onyo 2018 watu wasiache wala kubadilisha dawa kwa sababu ya vipimo hivi.

#24 BintiMaabara
Umetaja kipimo cha nafuu. Kwenye madhara hadithi ni nyingine. PREPARE, 2023, nchi 7 za Ulaya, karibu wagonjwa 7,000, jeni 12: kati ya waliokuwa na jeni inayotaka dawa au dozi ibadilishwe, walipata madhara asilimia 21.0 wakiongozwa na jeni, dhidi ya 27.7 bila kuongozwa. Dawa zilikuwa za kila aina, si za sonona peke yake, lakini swali la uzi huu ni madhara, si nafuu.

#25 Ngosha_Data
Na mgonjwa na daktari wote wawili walijua nani yuko kundi gani. Madhara ni kitu mtu anasimulia.

#26 Shungi_la_Tanga
Naomba niingie. Mmezama kwenye ini tu. Dawa inafanya kazi ubongoni. Jeni ya kisafirishi cha serotonini, SLC6A4, ina sehemu fupi na ndefu, inaitwa 5-HTTLPR, na mwenye fupi mbili hapati nafuu kwa dawa za aina ya fluoksetini. Huyu mama fluoksetini haikumsaidia, si dalili hiyo?

#27 Ngosha_Data
Dada, hiyo ilikuwa moto mwishoni mwa miaka ya 1990, sasa ni majivu. Border na wenzake 2019 walipima jeni 18 maarufu kwenye data kubwa, hazikuzidi jeni zilizookotwa kwa bahati nasibu.

#28 Tabibu_Kando
Ngosha nawe umechanganya. Kazi ya 2019 ilihusu hatari ya kupata sonona, si mwitikio wa dawa. Ukitaka la mwitikio, taja ile ya 2013 iliyounganisha tafiti za GENDEP, MARS na STAR*D, zaidi ya wagonjwa 2,000, wakatafuta jenomu nzima wasipate alama ya kutegemewa. Na wote walikuwa wa asili ya Ulaya. Mwongozo wa CPIC wa 2023 ulizitazama SLC6A4 na HTR2A, jeni ya kipokezi cha serotonini, ukasema ushahidi hautoshi kubadilishia dozi. Uamuzi wako ni ule ule, njia yako ndiyo mbovu.

#29 Ngosha_Data
Nimepokea. Nimechapwa kwa fimbo yangu.

#30 Shungi_la_Tanga
Asanteni. Lakini "haitoshi" si "haipo".

#31 PembaMoja
Kweli, dada. Ila kwa ini tuna namba. Wanorway 2018, wagonjwa 2,087 wa esitalopramu, walipimwa damu pamoja na CYP2C19. Wasio na aleli inayofanya kazi kabisa walikuwa na dawa mara 3.3 ya wa kawaida. Waliobadilishiwa dawa ndani ya mwaka: dhaifu mara 3.3, na wa kasi mno, *17/*17, mara 3.0. Yaani ncha zote mbili zinakimbia dawa, mmoja imemzidi, mwingine haimfiki. Ndiyo maana CPIC wanasema kwa hao wote wawili tafuta dawa nyingine, au kwa dhaifu anza chini, panda polepole, ukomee nusu ya dozi.

#32 Mkilifi
Na sisi Waafrika kwa CYP2D6 tuko ncha gani? Nilisoma Ethiopia asilimia 29 wana nakala za ziada, wa kasi mno.

#33 BintiMaabara
Hiyo 29 ni ya Wahabeshi, kazi ya Eleni Aklillu na wenzake ya 1996, na ni wanaobeba jeni iliyojirudia. Usiivushe mpaka. Ukishuka Tanzania na Zimbabwe picha inageuka, *17 na *29 zinatawala, watu wanaelekea polepole. "Mwafrika" si jenotaipu. Mwenye asili ya Harar, Ethiopia, na mwenye asili ya Masvingo, Zimbabwe, wanaweza kuwa mbali sana kwa CYP2D6.

Na kupima nakala kwenyewe ni kazi. Pembeni ya CYP2D6 kuna jeni mfu CYP2D7 inayofanana nayo sana. Kitendanishi kisichochaguliwa vizuri kinashika zote mbili na kukupa namba ya uongo. Hatua ninazoamini: damu mililita 2 kwenye tyubu ya EDTA, zambarau. Kama ni mate, nusu saa bila kula wala kuvuta sigara. PCR ndefu inayochukua CYP2D6 peke yake, kisha aleli. Nakala zihesabiwe sehemu mbili tofauti za jeni, zisipolingana kuna mseto wa 2D6 na 2D7, usitoe jibu. Na kila raundi iwe na sampuli ya kudhibiti yenye *17 inayojulikana. Maabara ikikuambia haina, unajua haijawahi kuitafuta.

#34 Minnesota_Baridi
Nakazia hapo. Hata ukiomba huku, sema kwa maandishi: *17, *29, *5 na nakala. Wengi wana paneli mbili, ya bei ndogo ndiyo inayotumwa.

#35 Tabibu_Kando
Na mimi nibaki mshamba wa uzi: piritoni na difenhidramini zinakausha mdomo na kufunga mkojo zenyewe, bila kugusa jeni wala ini. Juu ya amitriptilini mg 75 kwa mtu wa kilo 54, hesabu inajitosheleza. Swali nililouliza tangu #3 ndilo lililoleta chupa ya kikohozi.

#36 Mzee_wa_Dozi
Haijitoshelezi na QTc 478, daktari.

#37 Tabibu_Kando
Difenhidramini nayo inagusa moyo ikizidi. Chupa imebaki robo, mzee wangu. Na potasiamu hatujaambiwa.

#38 Kifuko_cha_Dawa
Wakuu, samahani nilipotea siku 6. Mgonjwa anaendelea vizuri, katheta imetoka siku ya 4, QTc 446. Potasiamu ilikuwa 3.3, imerekebishwa.

Asubuhi ile ya kwanza kabla ya kusitisha dawa tulitoa damu ya kupima viwango, jibu limerudi leo. Kidonge alimeza saa 3 usiku, damu saa 2 asubuhi, saa 11 katikati. Amitriptilini 168, nortriptilini 142, nanogramu kwa mililita. Jumla 310. Kiwango kinachotakiwa ni 80 hadi 200, kengele inalia 300.

#39 BintiMaabara
Nortriptilini 142 kwa mg 75! Mfereji wa chini umeziba. CYP2D6. Pimeni *17 na *29 tumalize.

#40 Mzee_wa_Dozi
Umeziba, ndiyo, na norifluoksetini. Wangepima na hiyo kwenye damu ile ile tungemaliza leo. Kuna iliyobaki kwenye friji?

#41 PembaMoja
Na 168 ya juu mnaifukia wapi? Kama CYP2D6 peke yake ndiyo imeziba na CYP2C19 iko huru, nortriptilini ingeipita amitriptilini. Hapa amitriptilini bado iko mbele. Sinki zote mbili, jamaa.

#42 Ngosha_Data
Uwiano wa 1.2 kwa sampuli moja, na mnajenga ghorofa tatu juu yake.

#43 Tabibu_Kando
Na 3.3 ya potasiamu hakuna aliyeisherehekea. QTc inarefuka hapo.

#44 BintiMaabara
Kifuko, kabla hatujagombana zaidi. Damu ya viwango mliitoa kwenye tyubu gani?

#45 Kifuko_cha_Dawa
Ya kifuniko cha njano. Ile yenye jeli chini. Ilikaa usiku mmoja kabla ya kusafirishwa.

#46 BintiMaabara
Jeli inanyonya dawa za jamii hii, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyonyonya. 310 yenu ni ya chini kuliko ukweli, na amitriptilini na nortriptilini hazinyonywi sawa. Uwiano wa Pemba tuuweke kando. Toeni nyingine kwenye nyekundu isiyo na jeli, safari ijayo.

#47 Mzee_wa_Dozi
Safari ijayo ipi, na dawa imeshasitishwa?

#48 Sikio_la_Kufa
Nirudishe kigoda au nisubiri ya *17?

#49 Kifuko_cha_Dawa
Subiri. EDTA imetumwa jana, nimeandika kwa herufi kubwa *17, *29, *5 na nakala. Wameahidi wiki 3.